Honi Iliyolia Tukaijibu kwa Vigelegele



Mimi ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Iringa. Huu ni mwaka wa tisa nina cherehani zangu Ipogolo, nashona nguo za wanawake, sare za harusi na mapazia. Leo nimeacha mkasi mezani niseme neno kuhusu misafara ya pikipiki, kwa sababu msimu wa harusi unakaribia na najua wengi mtapakiwa kama nilivyopakiwa mimi.

Kwa msioijua Ipogolo: ni bondeni, chini ya mji wa Iringa, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Hapa ndipo unapoiacha barabara kuu ya TANZAM ukapanda kilima kwenda mjini. Usipopanda, barabara hiyo hiyo inakupeleka Mafinga, Mbeya, mpaka Tunduma mpakani na Zambia. Malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na katikati ya malori hayo tupo sisi na bodaboda zetu. Ukiwa na shughuli ya watu tisa, kukodi gari ni hela nyingi. Basi unaita bodaboda tisa, kila mwanamke na yake, mnaondoka mfululizo. Visiwani nako mambo ni hayo hayo mkienda harusi shamba, pikipiki na vespa zimefuatana kama siafu.

Mwaka juzi tulikuwa na harusi Tanangozi, kwenye barabara hii ya Mbeya, ukishaipita njia ya kuingilia Isimila. Ilikuwa shughuli ya upande wa mume wangu. Mimi ndiye niliyeshona sare, na mimi ndiye niliyekodi pikipiki: tano kutoka kijiwe cha karibu na duka langu, nne kutoka kijiwe kingine. Tuliondoka baada ya kuswali Alasiri, tumeshachelewa. Mimi nilipanda ya mbele. Kabla hatujang'oka niliwaambia vijana neno moja tu: "Pigeni honi tufike kwa kishindo."

Wakapiga. Kutoka Ipogolo honi ilikuwa haikatiki, na sisi juu tunapiga vigelegele, watu wa kando ya barabara wanatupungia. Ilipendeza, sitasema uongo.

Wifi yangu alikuwa pikipiki ya nane. Ya tisa ilitakiwa iwe nyuma yake, lakini kijana wake alichoka kula vumbi la wenzake, akatupita wote akaja mbele. Hapo wifi akawa wa mwisho, na hakuna aliyejua. Alikaa upande, kama tulivyokaa wote, buibui limening'inia. Kwenye mteremko mmoja pindo la buibui likanaswa na gurudumu la nyuma. Likamvuta, akaanguka kwenye lami.

Kijana wake alisimama, akapiga honi. Akapiga sana. Sisi tuliisikia. Wallahi mimi mwenyewe niliisikia.

Tukaijibu kwa vigelegele.

Tulijua kuwa hayupo tulipofika Tanangozi, tunajipanga ili tuingie na zawadi, tukaona sare haitimii. Nikataka kumpigia, simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu mimi, alinipa nimshikie. Namba ya kijana wake sikuwa nayo. Kwa kijiwe kile cha pili nilikuwa na namba ya mmoja tu, yule tuliyepatana bei, na yeye alikuwa amesimama mbele yangu. Tukarudi nyuma tukitetemeka, jua linazama.

Tulimkuta ameketi kwenye majani pembeni ya barabara, ameshika mkono wake. Dereva wa lori alikuwa amesimama kumsaidia, na utingo wake alikuwa amekata matawi ya miti akayalaza barabarani, mbele na nyuma, ili magari yapunguze mwendo. Mwenyezi Mungu awalipe kheri watu wale, hata majina yao hatukuyajua.

Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Alifungwa POP wiki sita, na baada ya hapo vidole vilikuwa vizito. Wifi yangu ni msusi. Miezi minne hakushika kichwa cha mtu, na ada ya watoto wake wawili inatoka kwenye vidole vile. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ndiyo maana nalisema mwenyewe.

Tawi la mti na honi

Nilikaa muda mrefu nikiwaza jambo moja. Utingo yule hakusema na dereva yeyote. Alilaza matawi tu, na kila gari lililokuja lilipunguza mwendo. Kijana wetu alipiga honi kwa nguvu zake zote, na watu wanane waliokuwa wanamfahamu hawakugeuka. Kwa nini tawi liliwasimamisha wageni na honi ikashindwa kuwasimamisha ndugu?

Kwa sababu tawi barabarani kwetu lina maana moja. Kila dereva, wa Dar es Salaam au wa Lusaka, akiliona anajua kuna chombo kimeharibika mbele. Hakuna anayelaza tawi kwa furaha. Honi yetu siku ile ilikuwa na maana kumi: tumefurahi, tupisheni, mambo vipi, bi harusi huyo anakuja. Ilipofika zamu ya kusema "tumeumia", haikuwa na nafasi tena.

Ninachosema leo ni hiki: msafara wa pikipiki usiokubaliana ishara zake kabla ya kuondoka hauna lugha, na honi inayopigwa kwa furaha njia nzima haiwezi kuita msaada. Na jambo hili si la vijana wa bodaboda peke yao. Ni letu sisi tunaowakodi, tunaolipa, na tunaowaambia wapige.

Sisemi haya kwa harusi tu. Bodaboda akifariki, wenzake humsindikiza kwa makumi, honi mfululizo, wengine wamejaa upana wote wa barabara. Uchungu wao naujua, lakini roho inaniuma nikiwaza kwamba siku ya kumzika mmoja tunaweza kumwongeza wa pili, na honi yake isisikike katikati ya honi za wenzake.

Dakika kumi kabla ya kuondoka

Siku hizi nikipanga msafara, hakuna anayewasha pikipiki kabla hatujakaa dakika kumi chini ya mwembe ulio mbele ya duka langu. Tunapatana mambo haya.

Kwanza, amiri. Sisi Waislamu hatuna udhuru hapa. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini, wamweke mmoja wao kuwa kiongozi. Imepokewa na Abu Daud. Sasa sisi tunatoka tisa, kila mmoja ni kiongozi wa nafsi yake! Huteuliwa kijana mmoja mtulivu akae mbele, na hakuna wa kumpita. Na imepokewa pia kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimhimiza mnyonge, akimpakia na kumwombea dua. Kwa hiyo wa mwisho naye huteuliwa, tena awe mzoefu kuliko wote, na ndiye anayevaa kizibao cha kung'aa ili aonekane mbali. Anayeendesha taratibu au aliyejifunza juzi hukaa nyuma tu ya kiongozi, hatupwi mkiani. Siku ile tungekuwa na mtu wa mwisho anayejijua kuwa ni wa mwisho, wifi asingeachwa.

Pili, kioo. Kila dereva anamwangalia wa nyuma yake kwenye kioo cha pembeni. Asipomwona anapunguza mwendo. Wa mbele yake naye akiona huyu anapungua, anapungua. Habari inapanda kutoka mwisho hadi mwanzo bila mtu kupiga kelele, kama shanga za tasbihi: ukivuta moja, zote zinajua. Na kwenye njia panda hakuna anayekata kona kabla wa nyuma yake hajamwona anakata. Anasimama nje ya lami, anamsubiri, ndipo anaendelea.

Tatu, mkono. Mkono wa kulia unashika mafuta na breki ya mbele, hauachii. Anayesema ni mkono wa kushoto. Kiganja kikipigwapigwa kuelekea chini: punguza mwendo. Mkono ukinyooshwa juu na kiganja wazi: tunasimama. Kidole kimoja juu: jipangeni mstari mmoja. Vidole viwili: rudini kwenye mpangilio wa kupishana. Kukiwa na shimo au mchanga, dereva ananyoosha mguu au kidole upande ule ule wa shimo. Kila anayeona ishara anairudia kwa wa nyuma yake, isifie katikati. Na ishara hutolewa mahali palipotulia, si katikati ya kona mtu anapohitaji mikono yake yote miwili.

Nne, honi. Honi haipigwi njiani ila kwa hatari. Honi tatu ndefu maana yake: kuna mtu ana shida, simameni wote mahali salama nje ya lami. Basi. Haina maana nyingine. Vigelegele na honi za furaha tunazipiga tukishafika getini, pikipiki zimesimama, hapo hata mpaka asubuhi.

Tano, namba za simu. Kila dereva anakuwa na namba ya wa kwanza na ya wa mwisho, na kila mwanamke anashika simu yake mwenyewe. Lakini simu inapokelewa ukiwa umesimama. Wale wanaoichomeka ndani ya helmeti wakaongea huku wanaendesha, mimi sipandi. Pikipiki ikiwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, inakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukiangalia kioo cha simu kwa sekunde mbili tu umeshapita mita 28 huoni unakokwenda.

Mshono wa zigizaga

Kuhusu kupangana, nawaeleza vijana kwa lugha ya cherehani na wananielewa. Barabara ikiwa pana na imenyooka, tunakwenda kama mshono wa zigizaga: wa kwanza karibu na katikati ya upande wetu, wa pili karibu na ukingo, wa tatu tena kama wa kwanza. Hivyo kila mmoja ana nafasi mbele yake na anaonekana kwenye kioo cha mwenzake. Kwenye kona, kwenye daraja, kwenye kilima cha kupanda mjini, au lori likiwa karibu, tunarudi mshono wa mstari mmoja. Kwenda wawili sambamba mkipiga soga, hapana. Shimo likitokea, mmoja hana pa kukwepea.

Nafasi kati yako na aliye mbele yako kwenye mstari wako isipungue sekunde mbili. Tunapima hivi: wa mbele akipita nguzo, anza kusema Bismillahi Rrahmani Rrahim bila haraka. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umesogea mno. Mvua ikinyesha, isome mara mbili.

Na kulipita lori, kila mtu anapita kwa macho yake mwenyewe. Hapa ndipo misafara mingi inapokwisha. Wa kwanza anapita, njia ikiwa nyeupe, wa pili anamfuata kwa kuamini tu kwamba kama yule amepita na mimi nitapita, kumbe basi linakuja. Ishara ya mwenzako inakuambia yeye ameona nini, haikuambii wewe utakuta nini. Akipita mmoja, wengine wasubiri. Kiongozi atapunguza mwendo huko mbele, hakuna anayeachwa.

Sisi tuliopakiwa

Kuna shoga yangu aliniambia, "Lakini mimi ni abiria tu, pikipiki si yangu." Nikamjibu, mgongo ni wa nani? Wewe ndiye unayelipa. Dereva akigoma kukaa chini ya mwembe dakika kumi, mwite mwingine, vijiwe ni vingi. Na kila pikipiki abiria mmoja. Mishikaki ya watatu kwa kubana nauli usiikubali hata kwa sherehe ya ndugu.

Helmeti nayo tunaionea haya kwa ajili ya mtandio na vipodozi. Tafiti nyingi zilizojumlishwa kutoka nchi mbalimbali zilionyesha helmeti inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kufa kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Funga kilemba chepesi ndani, pini za mtandio utazibandika ukifika.

Kukaa upande nako nimeacha. Ukikaa upande huoni vizuri upande wa pili, pikipiki inaelemea, na pindo lote la nguo liko jirani na gurudumu na cheni. Najua wapo watakaosema si heshima kukaa kwa kupanua miguu. Mimi nashona suruali pana ya ndani, kitambaa cha buibui lenyewe, na lastiki pana mbili za kuvaa chini ya goti zinazokusanya pindo lisipepee. Mwili umesitirika, nguo haifiki kwenye waya za gurudumu. Fundi yeyote atakushonea, si lazima uje kwangu. Kwenye lastiki hizo nashonea utepe wa kung'aa, usiku taa ya gari ikiupiga unaonekana.

Likabaki la kuzungumza na dereva wako. Upepo unapiga, helmeti imeziba masikio, ukisema hasikii. Bara wengi humgonga dereva begani. Wengi wetu hatupendi kumgusa mwanamume asiyekuwa maharimu, na naiheshimu haya hiyo, ila isiwe sababu ya kunyamaza mpaka unaanguka. Nilichofanya, nimeshona vizibao vyenye vitanzi viwili vya mkanda mgongoni. Mkono mmoja unashika chuma cha nyuma cha pikipiki, wa pili unashika kitanzi. Ukivuta kidogo mara moja: punguza mwendo. Mara mbili: simama. Ni kuvuta kidogo, usining'inie hapo. Tunajaribu kwanza pikipiki ikiwa imesimama, dereva na abiria wote wawili wakubali wameelewa. Siku ya kwanza vijana walinicheka, wakasema mama ametuvalisha hatamu kama punda. Sasa kuna wanaokuja dukani kuulizia kizibao hicho wenyewe.

Wengine wanasema msafara bila honi umekuwa kama msiba. Nimefanya misafara minne tangu siku ile kwa utaratibu huu, na wa mwisho tulikwenda Tanangozi hapo hapo. Watu walitupungia kama zamani. Tulifika wote, nguo safi, tukapiga vigelegele getini mpaka sauti zikakauka. Furaha haikupungua hata kidogo.

Katika msafara ule wifi yangu alikuwemo. Mwanzoni alikataa, sikumlazimisha. Asubuhi ya safari akaja mwenyewe na lastiki zake mguuni, akauliza nani ni wa mwisho. Nikamwonyesha. Akamwendea yule kijana, akamwambia, "Mwanangu, piga honi tatu nizisikie." Kijana akapiga. Wifi akatugeukia sote tuliokuwa chini ya mwembe, akatuuliza mmoja mmoja maana yake nini. Alipotosheka na majibu ndipo akapanda.

Basi dada zangu, mkiwa na harusi, maulidi au safari ya kuhani msiba, someni dua ya kupanda chombo, na kabla ya hapo kaeni dakika kumi mpatane. Fulani mbele, fulani nyuma, mkono huu maana yake hii, honi tatu maana yake hii. Kisha njiani mkisikia honi, geukeni.

Wassalaam.